Upande wa Sekela

Tulipofika Kitulo, mume wangu alimshusha marehemu mke wake kwanza, kisha akarudi kunishusha mimi.

Nazungumzia hema. Tangu Kyela lilikuwa limekaa kiti cha mbele, limekunjwa ndani ya gunia safi la katani na kufungwa mkanda wa gari, wakati mimi na Bupe tulikuwa nyuma tumebanana na mchele, majiko na debe la mawese. Ambakisye alilikumbatia kwa mikono miwili, akalilaza kwenye majani mafupi, akalipapasa. Mimi alinipa mkono mmoja, na huo mmoja ulikuwa umeshika chupa ya chai.

"Angalia usiteleze," aliniambia.

"Unamwambia nani, mimi au hema?"

Alicheka. Ambakisye hucheka kila anapokosa jibu, na katika mwaka ule mmoja wa ndoa yetu alikuwa amecheka sana.

Magari yalizidi kupanda nyuma yetu. Kila mwaka, joto la bondeni likianza kuangusha watoto darasani, Kyela nzima hufunga milango, huiachia mitambo kazi ya kumwagilia kakao, na kuhamia huku juu kwenye baridi mpaka mvua ilipoze bonde. Wenyewe wanaita kupanda. Mimi ni Mluguru wa Mgeta. Nilikuja Kyela kufundisha hesabu nikaolewa huko huko, kwa hiyo hii ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kwetu Mgeta shamba ni la mama na nyumba ni ya mama, na mwanamume akioa ndiye anayeingia kama mgeni. Nilisema hivyo siku moja mbele ya wifi yangu Atupele, akacheka mpaka akakaa chini.

Kiwanja nilikichagua mwenyewe: kibonde kidogo nyuma ya kilima, upande wa kilima upepo haufiki, kijito kipo karibu. Tuliokota mawe, tukasawazisha vichuguu, nikachimba mfereji wa kupitishia maji ya mvua kukizunguka kiwanja chote, nikaacha pengo la mlango tu. Bupe alichemsha maji. Ni binti wa Ambakisye na marehemu Sekela, ana miaka tisa, na kazi ya kambi ananizidi. Alipima chumvi kwa kiganja, akaonja maji, akaongeza kidogo.

Hema hai ni nguo iliyofumwa kwa nyuzi za uyoga wa maabara. Likiwa kavu ni zulia tu, rangi ya ugoro, na katikati lina kitovu. Ambakisye alimimina maji ya chumvi pale kitovuni polepole, na nyuzi zikaanza kunywa. Kwanza lilitetemeka. Kisha mbavu zikajaa, zikakakamaa, likainuka lenyewe na kuanza kujipanga kama lilivyozoea. Hilo ndilo tatizo la hema hai. Linazoea.

Nilikuwa nimelitandaza mlango ukielekea kilimani, penye kinga. Likajizungusha.

"Linafanya nini?" niliuliza.

"Linatafuta ziwa," Bupe alinijibu. "Mama alikuwa anapenda akiamka aone ziwa."

Mlango ukatulia ukitazama kule mbali chini, ambako siku isiyo na ukungu unaliona Ziwa Nyasa. Upepo nao unatoka huko huko. Na mfereji wangu, niliouvunjia mgongo, sasa ulikuwa unapita mbele ya mlango wetu.

"Ligeuze," nilimwambia Ambakisye.

"Haligeuki, Skola. Ukililazimisha linalegea."

Ndani, rafu ilikuwa imeshajitokeza ukutani, mkono mzima juu ya kichwa changu. Sekela alikuwa mrefu. Kila mtu Kyela amenieleza jinsi Sekela alivyokuwa mrefu, hata wale ambao sikuwauliza. Ili kuweka sahani zangu nilipanda juu ya ndoo, na ndoo ikateleza, na Ambakisye akacheka tena.

Hema la familia lina upande wa mtoto, wa baba na wa mama. Kila upande humshika aliyelala pale ukiwa mpya: jasho lake, uzito wake, namna anavyovuta pumzi. Akilala humpa joto na kuhema pamoja naye, ukuta unatuna na kunywea kwa mwendo wa kifua chake, ili hewa chafu itoke na safi iingie. Baada ya hapo haumshiki mtu mwingine mpaka uoshwe, na ukioshwa unasahau kabisa. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma kabla sijapanda. Ambalo sikulisoma popote ni kwamba upande wa mama ungekuwa bado unahema. Sekela alikuwa ana miaka miwili kaburini, na ukuta wake ulituna na kunywea taratibu, kama mtu anayelala mchana akiwa ameshiba.

Ambakisye alitandika blanketi langu pale. Sakafu ilikuwa imejibonyeza shimo la mwili mrefu, bega huku, nyonga kule. Nililala ndani yake na miguu yangu ikaishia pale magoti yake yalipokuwa yakifika.

* * *

Asubuhi vidole vyangu havikuweza kufunga kifungo. Upande ule haukunipa joto hata la kuyeyusha mafuta ya mgando, wakati Ambakisye na mwanawe waliamka wana jasho puani. Atupele, ambaye hema lake lilikuwa jirani, alinikuta nimechutama mbele ya jiko ndani ya hema, nimevaa gauni la kulalia na masweta mawili.

"Wifi, midomo imekuwa ya bluu."

"Hema la kaka yako halinitaki."

"Halikujui tu, usilisingizie. Vaa kitenge cha marehemu, ninacho mimi. Likisikia harufu yake litakupa joto papo hapo. Haya mahema unayadanganya kwa nguo tu."

"Nivae nguo yake ili nipewe joto lake?"

"Joto si joto tu?"

"Bora nigande."

Alivuta midomo. "Basi lioshe. Siki ya moto, upande mmoja, unasugua mpaka ukuta unaacha kutuna. Msimu ukiisha litakuwa limekushika wewe. Siki ninayo galoni zima."

Nilikuwa bado nafikiria la kumjibu tuliposikia kikohozi nje. Kilikuwa cha Mzee Mwasumbi, baba yake Ambakisye, anakuja kunywa chai.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi wengi wameacha, lakini mzee wetu hajaacha hata nukta moja. Akikaribia hukohoa akiwa bado mbali, ili mimi nipate pa kujificha, na kule nyumbani vyumba vipo, mwaka mzima sikuwahi kumkosea. Humu ndani hapakuwa na chumba. Nilisimama na mwiko mkononi, nikazungukazunguka kama kuku aliyefungiwa.

Hema likasikia kikohozi. Kutoka juu ya dari pazia lilijikunjua, likashuka, zito, zuri, mpaka chini. Kwa nukta moja nililishukuru kwa moyo wangu wote.

Lilishuka upande wa Sekela. Lilikizunguka kigoda alichozoea kukalia, likajifunga vizuri kila pembe, likakisitiri kigoda kitupu. Mimi nilibaki nje ya pazia, kichwa wazi, gauni la kulalia, mwiko unadondosha uji, na baba mkwe wangu akainama kuingia mlangoni, akaniangalia machoni.

"Yesu wangu!" alisema mzee.

Aligeuka kwa kasi ambayo umri wake haukumruhusu, akatumbukiza mguu kwenye mfereji wangu mpaka gotini. Majirani walitoka mahemani. Atupele alijitahidi kutocheka, kisha akaacha kujitahidi. Bupe alikimbia kumshika babu yake mkono, na mzee akapelekwa kwake akiwa amejifunika uso kwa kofia.

Nilikaa chini nikalia. Atupele alidhani ni aibu, akaanza kunibembeleza kuwa mzee atasahau. Aibu ningeimeza. Nilikuwa nalia kwa wivu, wivu mtupu, wa kukionea kigoda. Mwanamke amekufa na bado anasitiriwa, nami nipo hai, naanikwa.

"Lete siki," nilimwambia Atupele.

* * *

Galoni lilikaa pale mlangoni toka asubuhi mpaka jua lilipogeuka, na mimi nikilizunguka. Sikutaka kuosha kwa kuiba. Nilitaka Ambakisye arudi kutoka kwenye mkutano wa kambi, nimwambie machoni, na tugombane vizuri.

Bupe alirudi kwanza. Alitoa daftari lake la hesabu, akaenda moja kwa moja upande wa mama yake, akaegemeza mgongo ukutani. Ukuta ulituna, mgongo wake ukasogezwa mbele kidogo. Ukanywea, mgongo ukarudi. Akaanza kuandika huku anasukumwa hivyo, ametulia kabisa.

Nimemsuka mtoto huyu nywele mwaka mzima. Nimemkaangia vitumbua, nimekesha naye akiwa na surua, na mpaka leo ananiita Mwalimu. Na kitambaa hiki, ambacho hakijawahi hata kumuuliza kama amekula, kinaegemewa.

Aliona galoni. Si mtoto wa kuelezwa mambo mara mbili.

"Ukiosha litahema kama nani?"

"Kama mimi."

"Wewe unahemaje?"

Aliweka daftari chini, akaja, akaweka sikio lake kifuani kwangu, akasikiliza kwa makini kama daktari.

"Unahema haraka haraka," alisema.

"Nimekasirika."

"Basi usiku huo huo usiwe umekasirika. Litashika hivyo hivyo." Alirudi kwenye daftari lake lakini hakuandika tena. Baadaye kidogo aliuliza bila kunitazama, "Na mama atakuwa amekwenda wapi?"

Swali hilo si la mwalimu wa hesabu. Nilijua ninachotaka kufanya ni nini. Mtu ameacha pumzi yake mahali pamoja tu duniani, na mimi nina galoni la siki. Lakini nilijua pia kuwa miezi mitatu ya kukaa huku juu ni mirefu, kifua changu kilikuwa kimeshaanza kubana, na mke hawezi kulala kwenye shimo la mwenzake maisha yake yote akijiambia kwamba ni ubinadamu. Nikaamua kuwa atakayeamua ni Ambakisye. Angekataa, bila shaka. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote ya kumjibu akikataa.

Alipofika nilimwambia, "Nataka upande wa mama uoshwe leo."

Aliangalia galoni, akaniangalia mimi. "Haya," alisema.

Akavua koti, akawasha jiko, akabandika sufuria, akamimina siki. Harufu yake kali ikajaa hema zima. Akatafuta brashi ya kufulia, akakunja mikono ya shati. Kisha akaanza kupiga mluzi, wimbo wa kwaya, ule wa mavuno.

"Unapiga mluzi?" nilimwuliza.

"Nimekosea nini tena?"

"Ulilala naye humu miaka yote ile!"

"Sekela amekufa, Skola. Unayetetemeka ni wewe." Aliyasema bila ukali, akichovya kidole kupima siki. "Nilipaswa kuosha kabla hatujapanda. Nisamehe. Nianzie juu au chini?"

Lilikuwa jibu zuri. Mwanamke mwingine angelifunga kwenye kitambaa akalitunza. Mimi nilimtazama mume wangu ameinama na brashi, ametulia, yuko tayari, na badala ya Sekela nikamwona yule mwingine. Sijui jina lake. Yupo mahali sasa hivi anakaanga samaki wake na hana habari nami. Siku nitakapokufa atapanda Kitulo kwenye kiti cha nyuma, atalalamika baridi, na Ambakisye atamwambia haya, atabandika siki, atapiga mluzi wa mavuno. Nilimwonea mwanamke huyo wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Sekela. Sekela angalau alishamaliza mambo yake.

"Ulitakiwa ukatae!" nilipiga kelele.

"Nikatae nini? Si umeniagiza mwenyewe?"

"Ungekataa kidogo! Ungeuliza! Mimi nikifa utaniosha hivi hivi?"

Alibaki na brashi hewani. "Sasa niape kwa ajili ya lini, ya leo au ya siku hiyo?"

"Mwaga hiyo siki."

"Skola..."

"Mwaga! Nyumba hii mke haoshwi. Awe wa kwanza, awe wa pili, awe wa kumi. Haoshwi."

Aliipeleka nje, nikasikia anaimwaga kwenye mfereji. Bupe alinirukia, akanikumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote. "Ndaga, Mwalimu," aliniambia, ndiyo asante ya kwao. Alidhani nimefanya wema. Sikumsahihisha.

* * *

Wema haukunipa joto. Kesho yake mchana wingu lilishuka mpaka kwenye majani, na mvua ya mawe ikaanza, mawe makubwa kama njugu mawe, yakipiga hema mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Baridi iliingia kwa ule mlango wa kutazama ziwa. Hapakuwa na kazi ya kufanya. Kambi nzima ilijifunika blanketi saa nane mchana. Nilijikunja katika shimo la Sekela nikakohoa mpaka machozi yakatoka.

Ambakisye aliinuka. "Njoo ulale upande wangu."

"Haunijui."

"Vaa sweta langu. Si ndivyo Atupele alivyosema, mahema yanadanganyika kwa nguo?"

Alilivua, akanivisha kichwani mwenyewe, bado lina joto na harufu yake ya moshi na kakao. Nililala pale alipolala yeye. Hema lilisita, likanusa, likaniamini. Joto lilianzia mgongoni, likashuka mapajani, likafika kwenye nyayo ambazo sikuwa nimezisikia tangu tupande. Karibu nitokwe na kilio. Nilifumba macho nikajiambia kuwa kumbe mambo yote haya yalitaka sweta tu.

"Na wewe utalala wapi?" nilikumbuka kuuliza.

"Huku." Alikuwa ameshajinyoosha upande wa Sekela, mikono nyuma ya kichwa.

"Utaganda."

"Sigandi. Upande huu unanijua."

"Unakujuaje?"

Bupe aliinua kichwa kutoka upande wake kusikiliza. Ambakisye alikohoa kikohozi kisicho na mafua, akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Upande humshika aliyelala pale ukiwa mpya, na hema lile waligawiwa mwaka wa arusi yao. Jumla hiyo, watu wawili upande mmoja, haikunichukua muda.

Nikawa naangalia. Sakafu chini yake ilianza kusogea. Lile shimo jembamba, refu, lililonibana siku zote hizo kama jeneza la kuazima, lilifunguka taratibu kwa upande mmoja, likatanuka, likatengeneza nafasi nyingine pembeni yake, ndefu, ya mtu mrefu. Ukuta uliokuwa ukihema peke yake ulibadilisha mwendo, ukamsubiri Ambakisye avute pumzi, ukavuta naye. Akatoa, ukatoa. Niliona mabega yake yanalegea. Sijawahi kumwona amelegea hivyo mbele yangu, na hakuwa anacheka.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwaga siki. Mimi mwenyewe ndiye niliyekubali sweta. Nilimchukua mume wangu nikamrudisha kwa mkewe, nikawafunika na blanketi, na joto nililolililia lilikuwa limenijaa hadi kwenye kucha.

Nililivua sweta. Baridi ilinipiga kifuani, nikakohoa, Ambakisye akafumbua macho.

"Unakwenda wapi? Si umeshapata joto?"

"Sogea," nilimwambia.

"Nafasi ipo, Skola."

"Naiona. Sogea."

Akasogea, nami nikalala pale kwenye baridi, katikati yao.